Uso Mmoja wa Mzee Oluoch

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimepata kazi! Mzee Oluoch amefiwa na kaka yake, mazishi ni Jumamosi huko Sondu, na mpiga video ni mimi. Si Wanjohi na droni yake. Mzee ni baba ya Atieno, na Atieno ndiye nitakayemwoa. Anasema baba ataangalia video kwanza, kisha ataamua kama niende nyumbani kujitambulisha. Basi ni kama nimeshaoa.

Nimesoma kwenye simu habari za mwongozaji sinema wa Kirusi, wa miaka mia iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji, uso mtulivu tu. Akauweka kando ya jeneza, watu wakaona huzuni. Kando ya supu, wakaona njaa. Kando ya mwanamke, wakaona mapenzi. Uso ule ule! Wanjohi hajui haya.

Jumamosi, 7 Juni

Kazi imeenda vizuri mno. Asubuhi nilichukua mawingu, mto, ng'ombe, sufuria za nyama, jeneza, viatu vya waombolezaji. Sanaa tupu. Mzee aliposimama kumsifu marehemu, nilipata sekunde sita, kadi ya kamera ikajaa. Kufuta mawingu? Sikuweza. Mzee aliongea dakika arobaini. Akawataja wakwe wote kwa majina, wakasimama mmoja mmoja waonekane kwenye video, kama kawaida. Nikawalenga wote, goti chini, bila kurekodi chochote. Mrusi wangu naye alikosa filamu wakati wa vita, akawaigizisha wanafunzi wake sinema bila filamu. Tuko njia moja.

Wanjohi, aliyekuja kutoa pole, aliniuliza mbona taa nyekundu haiwaki. Nikamwambia hii ni kamera ya kisasa.

Jumanne, 10 Juni

Nahariri. Mtu mwingine mwenye sekunde sita angelia. Mimi nimeurudia uso wa Mzee mara tatu. Uso, jeneza. Uso, nyama. Uso, Mama Mercyline wa kwaya, ambaye nilimchukua asubuhi akijifunga kitambaa. Ningeweza kuishia kwenye jeneza, lakini mwalimu wangu Mrusi hakatwi katikati.

Atieno amepiga simu, anauliza kama hotuba ilitoka vizuri. Nimemwambia baba yake hajawahi kuonekana hivi.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa, nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Mamboleo. Ukoo mzima mbele ya televisheni. Jeneza: wakalia. Nikajua mke nimepata. Nyama: mkwe mmoja akakohoa. Mama Mercyline: Mama Beldina, mke wa Mzee, akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Nilifurahi sana.

Kisha akamgeukia mumewe, taratibu kabisa. "Baba Atieno, siku ya kuzika ndugu yako, wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Mzee akasema alikuwa anaangalia marehemu. Mama akasema hayo macho anayajua miaka thelathini na moja. Wakwe nao wakauliza wao wako wapi. Nikawaonyesha mawingu.

Mzee akanitazama. Uso ule ule wa kwenye video. Sikuweza kujua kama ni huzuni au njaa.

Jumatatu, 16 Juni

Atieno amekuja kibandani kwangu, ninapohariri. Mzee amelala sebuleni. Nisiende kujitambulisha, si mwezi huu wala mwaka huu. Wanjohi ameitwa, Mzee atarudia hotuba, na wakwe watasimama tena mmoja mmoja. Atieno alikuwa analia. Niliumia, naandika hivyo hivyo, niliumia sana. Nilishindwa hata kunywa chai.

Ya saa kumi nimekunywa. Mrusi naye alilaumiwa na wakubwa wa nchi yake, akaendelea kufundisha. Tena nimeshapata dawa. Nitamwomba Mzee msamaha kwa video, na Atieno atampelekea. Zile sekunde sita bado ninazo. Kwanza uso wake, halafu mimi nimevaa suti, natabasamu. Ukoo mzima utaona anavyonipenda.