Ngoma Aliyotengeneza Habibu

Jumatatu, 4 Juni 2001

Nimeikuta redio ya nyumbani kwangu juu ya meza ya Habibu. Redio yangu! Mimi ni fundi wa redio, kibanda changu kinatazamana na chake, na mke wangu amevuka barabara akampelekea yeye. Katunge anasema hakutaka kunisumbua. Anasema pia kwamba tangu niitengeneze mwezi wa tatu inashika stesheni moja tu, ya lugha asiyoijua. Nilikataa chakula cha jioni. Baadaye nilikula.

Kuna zaidi. Mashine ya ngoma ya kwaya ya kanisa anakoimba Katunge imeharibika, ile ya Kijapani ya mwaka wa themanini na nne waliyoinunua kutoka kwa bendi ya hoteli. Sauti yake ya ngoma kubwa imenyamaza. Jumapili wanashindana Tala, na kesho mashine inapelekwa kwa nani? Habibu. Nilimwendea Mwalimu Pauline, kiongozi wa kwaya, nikamkumbusha kwa upole kwamba Habibu ni Mwislamu na mashine ni ya kanisa. Akaniuliza kama waya zilizokatika ni za Agano la Kale au Jipya.

Jumanne, 5 Juni

Nimeamka kabla ya Habibu. Nilimwambia Mzee Wathome, mtunza kanisa, kwamba Habibu amenituma niichukue mashine. Akanipa, tena akanisaidia kuifunga kwa leso. Mpango wangu: niitengeneze, Jumapili Mwalimu Pauline amshukuru Habibu mbele ya watu, ndipo nisimame niseme ukweli. Katunge atakuwa safu ya mbele.

Nikaifungua. Vumbi la miaka kumi na saba. Ndani, betri ya duara, ukubwa wa peremende. Betri kuukuu! Ugonjwa ndio huo. Nikaing'oa, nikaweka mpya, nikajipongeza kwa chai. Kuwasha, ngoma kubwa bado kimya. Na nyimbo zote ambazo Mwalimu Pauline alizihifadhi humo miaka nenda miaka rudi, zimefutika. Hata moja haikubaki.

Jumatano, 6 Juni

Nilivuka barabara. Nikamwambia Habibu nina rafiki kule Ekalakala mwenye mashine ya ngoma. Aliweka kazi chini, akanivutia kiti, akaeleza yote bila kuficha. Ngoma moja ikinyamaza, mara nyingi ni kile kitufe chake cha kupandisha sauti kimejaa uchafu. Pitisha spiriti tu. Na betri isiguswe kabla nyimbo hazijarekodiwa kwenye kaseti, kwani ndiyo inayozishikilia. "Ambia huyo rafiki yako asiing'oe," akasema, "atalia." Akaniita fundi mwenzake. Simpendi kabisa.

Spiriti ilimaliza kazi kwa dakika tano. Ngoma kubwa inadunda vizuri. Haina wimbo wa kudundia.

Alhamisi, 7 Juni

Tumaini! Nilimuuliza Katunge, kama mtu anayeuliza habari za mvua, iwapo kwaya ina kaseti ya zile nyimbo. Akasema iko, tena Mwalimu alimpa yeye aitunze, imo kabatini mwetu, na haina muziki ila mlio kama wa nyenje.

Niliijua kaseti hiyo hapo hapo. Mwaka jana niliisikiliza, nikadhani imeharibika, kumbe mlio ule ndio nyimbo zenyewe jinsi mashine inavyozihifadhi, nikarekodi juu yake kipindi cha salamu, siku ile redio ilipomsalimu Fundi Urbanus wa Mumbuni. Pande zote mbili. Leo nimeisikiliza tena. Wanalitaja jina langu vizuri sana.

Ijumaa, 8 Juni

Mpango mpya. Kama ngoma lazima iwe mbovu, iwe mbovu kwa jina la Habibu. Nitaingiza wimbo mmoja tu, ule wa mashindano, kisha niseme Habibu amemaliza. Tala nzima itamcheka.

Nilijificha nyuma ya pazia la chumba cha kulala, spika masikioni. Katunge alikuwa akisonga ugali na kuimba wimbo wenyewe, nami nikimfuata kwa vidole juu ya vitufe vya mashine, yenyewe ikirekodi. Alipotua kuvuta pumzi, nilitua. Alipogeuza ugali, nilichelewa naye. Ilitoka ikichechemea. Safi kabisa.

Jumapili, 10 Juni

Nilimkabidhi Mzee Wathome mashine lori likiwa tayari kuondoka, wasipate nafasi ya kuijaribu. Huko Tala nilichagua kiti kizuri cha kutazamia aibu.

Mwalimu Pauline akabonyeza. Ngoma ikachechemea, uso wake ukabadilika. Kisha Katunge akaanza kuimba, na ngoma ikamngoja. Alipovuta pumzi, ilivuta naye. Kwaya yote ikamfuata. Watu wakasimama, akina mama wakapiga vigelegele. Nafasi ya kwanza! Karibu nilie kwa furaha, kisha nikakumbuka kuwa ni kazi ya Habibu.

Tukirudi, Katunge alisema ameimba miaka kumi na miwili na hajawahi kupigiwa ngoma hivyo. "Huyo mtu alinisikiza wapi, Baba Mwikali? Ni kama anajua vile napumua." Moyo uliniuma. Namwonea Habibu wivu kwa kazi niliyoifanya mimi. Na nikifungua mdomo, nitaulizwa nyimbo zingine ziko wapi.

Jumatatu, 11 Juni

Wanakwaya wamempelekea Habibu sukari na shukrani. Niliwasikia kutoka kibandani kwangu. "Mimi hiyo kitu sijagusa, mwalimu," akasema. Wakasema ni unyenyekevu. Mzee Wathome akathibitisha kwamba Habibu alimtuma hata Urbanus kuichukua. Na zile nyimbo zilizopotea? Mwalimu Pauline anasema fundi wa kiwango hicho lazima alikuwa na sababu zake.

Katunge amefurahi kwamba hatimaye nimepata kazi kwa Habibu, hata kama ni ya kubeba mizigo. Amenipikia kuku.

Amenidokezea pia kwamba kinanda cha kanisa kina vitufe vitatu visivyolia, na kesho kinapelekwa kwa Habibu. Mzee Wathome hufungua mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitamwambia Habibu amenituma.