Saa Iliyovuka Mpaka

Hilali wa Kasulu alikuwa hajafika nusu ya sahani yake ya wali pale alipoiona riziki imebandikwa ukutani. Ilikuwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: INTANETI YA BURE KWA WANAOKULA, SAA SABA MPAKA SAA NANE. Saa saba na robo ilikuwa imeshapita, na wateja wote wa mgahawa wa Mwanaheri, pale Kibondo mjini, walikuwa wanazitazama simu zao kama watu waliofiwa. Walikula, wakanung'unika, wakaondoka. Saa nane ilipofika simu za waliobaki zikaanza kulia, na hapo wakaingia vijana ambao hawakuagiza hata chai. Wakavikalia viti vya wali hadi saa tisa.

Hilali aliuliza ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti, ilinunuliwa wapi. Akaambiwa Mabamba, kule mpakani, imeshatumika, kwa mtu aliyeitoa ng'ambo. Basi akaelewa yote. Ruta ile ilikuwa bado inafuata saa za Burundi, na wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu mwaminifu angeandika mstari mmoja wa amri, akanywa chai ya asante na kwenda zake. Hilali hakuwa na haraka ya kuwa mwaminifu.

Nisilaumiwe kwa kumsema vibaya. Namjua kuliko mtu yeyote, maana kila asubuhi ndiye ninayemnyoa ndevu mbele ya kioo. Ana miaka sitini na minane, kompyuta mpakato iliyovunjika bawaba, na cheti cha masomo ya jioni alichokitia fremu mwenyewe. Hujiita Mhandisi. Hakuna aliyewahi kumwuliza mhandisi wa nini, na yeye hakuwahi kuona sababu ya kuwasumbua watu kwa maelezo.

"Mama, saa yako imevuka mpaka," alimwambia Mwanaheri.

Mwanaheri alikuwa mjane mwenye duka, mgahawa na vyumba vinne vya wageni. Aliuliza saa ilivukaje bila yeye kujua.

"Ndivyo zilivyo hizi mashine. Mwili uko Kibondo, akili iko Bujumbura. Kuirudisha ni kazi, na kuizuia isirudi tena ni kazi kubwa zaidi. Inataka mtu wa kukaa nayo."

Mtu wa kukaa nayo, kwa hesabu ya Hilali, angehitaji chumba namba nne, kile chenye dirisha upande wa barabara, pamoja na wali, maharage na samaki wa migebuka kwa mwaka mzima. Alilisema hilo kwa huzuni, kama anayejitoa mhanga.

Mwanaheri alisema atamjibu kesho, akaingia jikoni. Huko alikuwako Kezia, mwanamke mtulivu wa familia iliyotoka Burundi, aliyekuwa akiosha masufuria. Hilali aliwasikia wakinong'ona kidogo, akaridhika. Aliamini wanajadili mboga ya kumpikia.

Asubuhi Mwanaheri alitoka na karatasi. Ikiwa intaneti itafunguka saa saba kamili siku saba mfululizo, Mzee Hilali atapata chumba na chakula kwa mwaka. Ikiwa saa itarudi nyuma ndani ya siku hizo, kompyuta yake itabaki mgahawani, iwe mali ya mgahawa. Hilali alisita kidogo, kwa sababu kompyuta ile ndiyo pekee iliyomtofautisha na wazee wengine wasio na kazi. Kisha akakumbuka migebuka, akaweka sahihi yenye mikunjo mitatu.

Alichomeka waya kwenye ruta, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi, chenye maandishi meupe. Wateja wa chai wakasogea. Aliingia kwa neno la siri lililobandikwa chini ya kifaa, kisha akaanza kuamuru. Kwanza aliibadilishia ruta jina, ikawa MWANAHERI, na mwenyewe akatabasamu bila kutaka. Pili akaiambia ifuate saa za Dar es Salaam. Tatu akaweka neno jipya la siri, ambalo hata herufi zake hazikuonekana kwenye kioo. Hili hakuliandika kwenye mkataba. Lilikuwa la kumhakikishia kuwa mwaka ukiisha hakuna atakayeweza kumtoa chumba namba nne. Mwisho akaweka tangazo la kumkaribisha kila atakayeifungua ruta: KIFAA HIKI KINALINDWA NA MHANDISI HILALI, pamoja na namba yake ya simu.

Kezia alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio.

"Mzee, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Binti yangu, wewe fagia."

"Ego, mzee," aliitikia Kezia kwa Kirundi, akafagia.

Saa saba kamili simu zote zikalia pamoja. Wateja walimpigia Hilali makofi, na mmoja akamwachia soda. Alipewa mgebuka, na chumba namba nne cha kungojea siku saba ziishe, akalala mchana wote kama mwenye nyumba.

Saa kumi Mwanaheri alizima swichi kuu ya umeme. Ndivyo afanyavyo kila siku chakula cha mchana kikiisha, ili yuniti zisiende bure wakati anaswali. Hilali hakulijua hilo, kwa kuwa usingizi hauhitaji umeme.

Siku ya pili saa saba ilifika, na simu zikakaa kimya.

Hilali aliitwa. Alikuja taratibu, kwa mwendo wa mtaalamu, akachomeka waya. Tangazo lake halikuwepo. Neno lake la siri lilikataliwa, na lile la kwenye karatasi ya chini ya kifaa likakubaliwa. Ruta ilikuwa na jina lake la zamani na saa zake za zamani, kana kwamba jana haikuwahi kutokea.

Hapo akaukumbuka ukurasa wa mwisho wa daftari lake la masomo ya jioni, ambao ni mtupu. Jioni ya somo la mwisho hakwenda darasani. Alikuwa kwa fundi, anapimwa koti la kupigia picha ya cheti.

"Nilifanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta miaka minne," Kezia alisema kwa upole, "nafuta vumbi chumba cha mitambo. Fundi wa pale alikuwa akimaliza kuamuru, lazima ahifadhi. Asipohifadhi, umeme ukikatika mashine inasahau. Jana nilikuuliza mara mbili, mzee."

Mwanaheri aliikunjua karatasi, akaiweka mezani upande wenye sahihi ya mikunjo mitatu. Hilali aliondoka kwenye kiti, Kezia akakikalia. Aliandika mstari wa saa, kisha neno moja zaidi, la kuhifadhi, na simu za mgahawa mzima zikalia. Kompyuta ikapelekwa nyuma ya kaunta, na bawaba yake iliyovunjika.

Walimpa sahani ya kuagia, yenye mgebuka mkubwa kuliko wa jana, jambo lililomuumiza zaidi. Basi la Kasulu lilikuwa bado. Hilali alitoa simu yake, akaingia kwenye ile intaneti ya bure na kutafuta somo la mwisho. Alilisoma mara kumi na moja. Ni neno moja tu.

Saa nane kamili intaneti ikakatika, bila kumwongezea hata dakika.