Difu ya Mbele na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Salamu nyingi, daftari langu. Hujambo? Umeamkaje? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila meza yangu iko hatarini. Ni meza ya mke wangu ya kushonea, pale dirishani. Nimeiazima miezi saba kwa ajili ya gari langu la rimoti. Leo amesema basi. Nikimshinda kaka yake kwenye mbio za Jumamosi, meza yangu. Nikishindwa, cherehani inarudi. Nimekubali haraka. Shemeji ni fundi redio. Habari za magari atazijulia wapi?

Jumanne, 4 Juni
Shemeji amepita. Akashauri bila kuombwa: difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, niitie mafuta mepesi, ya nyuma mazito. Ati gari litakata kona vizuri. Mtego mtupu! Nimefanya kinyume. Mbele nimeshindilia grisi mpaka gia zikagoma. Nikalijaribu uani. Kona halikukata. Liliingia moja kwa moja kwenye beseni la nguo.
Nimekuta uzi mweupe kati ya kurasa zako. Umefikaje humu?

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua difu zote mbili, nikasafisha, nikaomba, nikafunga. Skrubu moja imebaki. Namshukuru Mungu kwa akiba. Mke wangu akauliza kama ile ya mbele ilikuwa imekaa upande ule. Nikamweleza kwa upole kwamba difu si kola ya shati.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeliweka gari juu ya kopo, nikabonyeza. Magurudumu yote manne yanazunguka! Sikulishusha chini, sakafu ilikuwa imepigwa deki. Nimesamehe kila mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Filimbi ikalia. La shemeji likaondoka. Langu likabaki linatetemeka na kuchimba vumbi. Nikabonyeza zaidi, likachimba zaidi. Shemeji alipomaliza mizunguko yake akaja, akaliinua, akanivuta kando kwa heshima.
“Shemeji, difu ya mbele umeigeuza. Nyuma linakwenda, mbele linarudi.”
Fundi viatu mmoja kati ya watazamaji akasikia. Akawatangazia watu kwamba gari langu nalo limeoa.
Saa kumi cherehani ilikuwa dirishani.

Jumapili, 9 Juni
Mahubiri yalihusu kiburi. Nikamwonea huruma shemeji, maana yalimgusa yeye kabisa. Baada ya ibada mke wangu akashauri niirudishe tu ile ya mbele ilivyokuwa. Haiwezekani. Hapo nitakuwa nimemsikiliza kaka yake. Nitageuza ya nyuma! Zote zikienda kinyume, zitakuwa zimepatana, nami nitashindana kinyumenyume. Hakuna atakayetegemea hilo.
Ninachokosa ni mahali pa kufanyia kazi. Mwenye uzi mweupe, najua unasoma humu. Leo umesahau na pini. Natumaini u mzima. Ubao wa pasi unautumia siku gani? Tafadhali nijibu upesi.