Shangazi kwa Vijana Wawili na Mmoja wa Mwakani

Leo nimemuuza shangazi yangu. Kwa Kiarabu cha maandishi, bila kosa hata moja la tahajia. Naandika haya nikiwa nimejifungia chooni kwa simu ya dada yangu, kwa sababu yangu imechukuliwa.

Nianze mwanzo. Shangazi Zuhura, dada yake Baba, ametumika Riyadh miaka miwili nyumbani kwa Madam mmoja. Madam hana ubaya, ila mkataba umekwisha na shangazi anataka kuhamia huku Jeddah, karibu na sisi. Pale mtaa wa Al-Rawdah kuna wazee wawili, mtu na mkewe, wako tayari kumpokea hata kesho. Kilichobaki ni ridhaa ya Madam. Akikubali, ikama, yaani kibali cha ukaazi, inahamishwa. Akikataa, shangazi anarudi Mombasa kuanza upya na maajenti. Madam akasema: nileteeni ombi kwa maandishi, nimwonyeshe mume wangu.

Kwetu anayeandika Kiarabu ni mimi. Baba ni karani bandarini, na Kiarabu chake ni cha huko huko: yalla, halas, mafi kontena (twende, basi, hakuna kontena). Kwa hiyo leo baada ya chakula cha mchana akanikalisha mezani.

"Andika kwa adabu," akasema. "Adabu mpaka aone haya kukataa."

Shida ni kwamba nilikuwa na kazi nyingine. Ligi ya kikapu ya Marekani iko likizo, mechi hakuna, na huu ndio msimu ambao sisi mashabiki tunageuka mameneja: nani abadilishwe na nani. Rafiki yangu Feisal, Msudani aliyehamia Riyadh mwaka jana, timu yake ina mchezaji mmoja mrefu ambaye namtaka kwenye timu yangu kuliko ninavyotaka kufaulu hesabu. Wiki nzima tunavutana kwa Kiarabu kama mabalozi. (Timu zenyewe hazijawahi kutuuliza.)

Basi nikaandika jumbe mbili kwa mkupuo. Huku "Mheshimiwa Madam", huku "Sikiliza we Feisal". Nikatuma moja, nikatuma ya pili, nikaenda zangu kula tende.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Madam.

"Weka sauti juu, sote tusikie," Baba akasema. Mama akatoka jikoni na mwiko wake.

Madam alisema polepole, kama mtu anayekagua vitambaa dukani: "Wawili? Hao vijana wawili ni Wakenya pia? Wanajua kupika? Na huyo wa mwakani ni nani? Na mbona Zuhura hajawahi kuniambia goti lake ni bovu?"

Nikafungua kile nilichomtumia. Nawapa kama kilivyo, na Mungu anisitiri:

"Tupeni huyo mrefu wenu. Ana miaka thelathini na mbili na goti moja bovu, mnamng'ang'ania wa nini? Sisi tunawapa vijana wawili wenye nguvu, na juu yake mmoja mchanga mtakayemchagua wenyewe mwakani. Mkikataa, mkataba ukiisha ataondoka bure na mtabaki mnalia."

(Shangazi Zuhura ni mrefu. Anapangusa feni ya dari bila kupanda kiti. Na ujumbe wote unamtaja kama mwanamume, lakini Madam akadhani ni Kiarabu cha wageni tu, wasiojua kutofautisha mume na mke.)

"Amesema nini?" Baba akauliza.

"Amesalimia."

"Salamu ndefu hivyo? Mimi nimesikia ithnein."

Sasa, ithnein kwa Kiarabu ni wawili. Pia ni Jumatatu.

"Jumatatu, Baba. Anasema... Jumatatu."

"Jumatatu anamwachilia?"

Hapo ningeweza kusema hapana. Nikasema inshallah.

Mama akapiga kigelegele. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Miaka miwili tuko nchi moja," akasema, "na sijakaa sahani moja na dada yangu." Nikatamani niwe mimi ndiye niliyeuzwa.

Kabla sijapata uongo mwingine, ameshampigia.

"Zuhura, mambo tayari. Jumatatu."

"Jumatatu ya nini? Hebu nipe huyo mwanao."

"Shikamoo shangazi."

"Shikamoo iweke hapo hapo. Mbona Madam amenikalisha kwenye kochi la wageni, ananikunja goti na kunikunjua? Umemwandikia nini?"

"Shangazi, ile ilikuwa habari ya kikapu."

"Kikapu? Mimi ndiye kikapu?"

"Mpira wa kikapu. Nilikuwa nabadilishana mchezaji na mwenzangu, ujumbe ukapotea njia."

Sikumtazama Baba.

"Na hiyo miaka thelathini na mbili?" shangazi akauliza, sauti imeshuka. (Ana arobaini na tatu.)

"Ni ya mchezaji."

"Basi hiyo usiisahihishe."

Madam akachukua simu. Nikamweleza yote kwa Kiarabu, jasho linanitoka hadi kwenye vifundo. Nilipomaliza, nyuma yake nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Ni Turki, mwanawe, rika langu. Akampokonya mamake simu.

"Timu gani?"

Nikamtajia.

"Vijana wawili na mmoja wa mwakani, kwa mwenye goti bovu? Wewe unaibiwa mchana." Kisha nikamsikia akimgeukia mamake: "Lakini pale mwisho amesema kweli, Mama. Mkataba umekwisha. Ukimzuia ataondoka vile vile, tena amenuna."

Madam akashusha pumzi. "Mwambie baba yako sitaki vijana wawili. Msichana mpya anafika Jumamosi. Zuhura amfundishe ule wali wa nazi, halas. Mume wangu ataanza karatasi za kumhamisha..." Akafikiri kidogo. "Ithnein."

Nikamgeukia Baba. "Amesema Jumatatu."

"Si ulishaniambia?"

"Safari hii ni kweli."

Hapo ndipo simu yangu ilipochukuliwa. Lakini kabla haijatoka mkononi niliona jibu la Feisal, maskini, ambaye ndiye aliyepokea ile barua ya adabu: kwamba kwa unyenyekevu mkubwa tunamwomba amwachilie mpendwa wetu, amemtumikia kwa uaminifu, na huku kwao wamemkumbuka sana.

"Wallahi umeniliza, hata kuniita Madam nimekusamehe," Feisal ameandika. "Mchukue. Hao wawili wako kaa nao."

Kwa hiyo timu yangu imepata mrefu wake, na nyumba yetu, inshallah, itapata wake. Sasa Baba anagonga mlango. Anataka niandike barua ya shukrani, na eti atakaa ubavuni mwangu akiisoma neno kwa neno (Kiarabu hajui kusoma).

Chekeni mkitaka. Ila Jumatatu zikianza zile karatasi, atakayemwambia shangazi kwamba kwa barua yake Feisal alimtoa mchezaji bure, mimi simjui.