Birika Lenye Pini Saba

Katika mji wetu wa Charikar hakuna mtu anayejua kula kama mjomba wangu Kamaruddin. Muulizeni mwenyewe! Hata msipomuuliza atawaambia.

Kwa maneno yake, wapishi wa pilau wa Kabul humpigia simu kumwuliza kama chumvi imetosha. Muuza kebabu wa sokoni hawashi makaa mpaka yeye apite na kunusa upepo. Sasa mimi nimeona kwa macho yangu mawili: Mjomba hutengeneza simu zilizopasuka kioo, na chakula chake cha mchana ni mkate na chai. Mkate wenyewe wa jana!

Kupiga fiksi si kosa la jinai. Tatizo, Mjomba alitaka kuoa.

Bibi yangu alikuwa ameshakwenda mara tatu kwa Haji Abdulwakil, mfanyabiashara wa zabibu, kumposa binti yake. Mara zote tatu alirudi na chai tumboni na mikono mitupu. Nasi tulikuwa tunasubiri sinia la peremende, maana familia ya binti isipotoa peremende hakuna mchumba, hata uje na ngamia mia. Haji alisema kitu kimoja tu: kwanza amwone huyo kijana.

Wakakutana Jumanne mlangoni pa msikiti. Badala ya kuinamisha kichwa kama mposaji, Mjomba akafungua mdomo.

"Haji Saheb, unakijua kibanda cha Khalifa Sattar? Basi pale birika langu halikosi kwenye makaa. Tangu enzi za babu!"

Haji akachezea ndevu. "Ajabu. Basi kesho mchana nialike."

Ngoja niwaambie kwa nini nilishika kichwa. Nyama ya Khalifa Sattar hupikwa ndani ya birika la chai: kondoo, mafuta ya mkia, dengu na kitunguu, kila mlaji na birika lake. Yanapangwa kwenye makaa tangu alfajiri. Wateja wa zamani huleta mabirika yao kutoka nyumbani, wengine hutumia ya kibandani. Lakini lazima uagize asubuhi. Ukija mchana bila kuagiza, utakula harufu.

Na Mjomba asubuhi hiyo alikuwa wapi? Kwa kinyozi! Saa mbili nzima!

"Edrisi," aliniambia njiani, akinukia kama duka zima la manukato, "kazi yako ni kutikisa kichwa. Nikisema neno, unatikisa. Usiulize maswali yako."

"Umeagiza, Mjomba?"

"Si nimekwambia usiulize!"

Tulipofika, Haji alikuwa ameshavua viatu, ameketi kwenye zulia, kilemba kizito kichwani. Kitambaa cha chakula kimetandazwa. Mjomba akayatazama yale makaa kama jemadari anayechagua farasi. Mwishoni kabisa kulikuwa na birika moja kubwa la kauri, kuukuu, lililopasuka na kushonwa kwa pini saba za chuma. Lilikuwa linatokota peke yake kama mfalme mjane.

Mjomba akalirukia, akalibeba kwa mkono wa koti.

"Hili hapa langu!"

Khalifa Sattar akafungua mdomo. Haji akainua kidole kimoja. Khalifa akaufunga. Mimi niliona, lakini nilidhani Haji anaagiza mkate.

Mjomba akamega mkate bakulini, akamimina mchuzi, akamsukumia Haji kipande kinono kuliko vyote. "Kula, Haji Saheb! Usione haya! Jihisi uko kwako!"

"Ahsante, mwanangu. Nimeanza kujihisi."

"Mkate uloweke hivi. Si kila mtu anajua."

"Mimi nilikuwa naloweka ovyo tu," akasema Haji kwa unyenyekevu.

Hapo ndipo ulimi wangu ulinisaliti. "Mjomba, hizi pini zilitoka wapi?"

Akanikazia macho, lakini Haji naye akasogea. "Enhe! Zilitoka wapi?"

Basi Mjomba akaanza kushona uongo kuliko fundi aliyelishona birika. Pini ya kwanza, babu alivuka mto uliofurika, birika mgongoni. Ya pili, tetemeko la ardhi: nyumba kumi zilianguka, birika likapata ufa tu! Ya tatu, babu alimpiga nalo mbwa mwitu mwenye ukubwa wa ndama. Mimi nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma.

"Mbwa mwitu?" akauliza Haji.

"Alikufa papo hapo!"

Haji akafuta vidole taratibu. "Khalifa, birika hili nani aliliagiza leo?"

Khalifa, aliyekuwa amevimba kwa kicheko kama tanuri la mkate, akapasuka. "Wewe, Haji! Baada ya swala ya alfajiri! Kama kila Jumatano, mwaka wa ishirini huu!"

Tonge likamkwama Mjomba. Nikampiga mgongoni mara tatu. Alikuwa amemkaribisha mtu nyama yake mwenyewe, akamfundisha na kuila!

Haji akavua kilemba. Juu ya paji la uso palikuwa na kovu jeupe, lefu kama kidole.

"Mbwa mwitu wa pini ya tatu ndiye mimi," akasema. "Siku hiyo nilimwambia mama wa watoto nimeshinda dukani. Akaninusa ndevu, akakuta mafuta ya kondoo. Birika lilikuwa mkononi mwangu, akalinyakua. Nikakimbilia mlangoni, akalirusha kutoka jikoni, na hakukosa."

Kibanda kizima kikawa kinatusikiliza.

"Na hizo pini nyingine?" nikauliza. Jamani, ningefanyaje?

"Fiksi nyingine hizo, mwanangu. Mpaka nilipoacha."

Mjomba akanong'ona, sura imemsawajika, "Kwa hiyo, Haji Saheb, jibu ni hapana?"

"Nani kasema hapana? Mimi niliyejifunzia kwenye kauri nitamlaumuje mwanafunzi mpya?" Haji akajivika kilemba, akalivuta birika upande wake na kumalizia nyama yote iliyobaki. "Peremende zitakuja Ijumaa. Ila ujue, binti yangu kafuata mkono wa mama yake. Na shabaha."

Tulipotoka, Mjomba alikwenda moja kwa moja sokoni kununua kilemba. Akachagua kitambaa kizito kuliko vyote, mita saba.

"Cha harusi au cha baridi?" akauliza muuzaji.

"Cha mabirika," akasema Mjomba.