Mikia ya Mashati ya Banda la Kuchunia

Jumamosi, tarehe 7 Novemba 1987

Dada Gaylene, siku uliyoondoka kwenda mji wa Mobile kusomea uuguzi uliniambia niandike kila siku yenye jambo, kisha nikutumie kurasa zote pamoja. Naahidi kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Nimeanza na tarehe, kama Mwalimu Faircloth anavyotaka.

Jambo la kwanza. Banda la kuchunia kulungu limekwisha. Msonobari uliliangukia wakati wa dhoruba, na sasa ni nguzo moja tu inayokumbuka kusimama. Bwana Hollis Pugh, mwenyekiti wa klabu ya uwindaji, amesema lazima lijengwe jipya kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, la sivyo tutachuna kwenye mvua.

Jambo la pili ndilo baya. Sheria ya klabu unaijua: mwanachama asiyefika hata siku moja ya kazi kabla ya ufunguzi, nafasi yake hupewa mwingine. Baba hajavuka lile geti la ng'ombe la kuingilia kambini tangu tumzike Babu mwezi Februari. Na yuko daktari wa meno wa Montgomery anayesubiri. Ameshanunua hata kofia ya wawindaji, ile ya rangi ya machungwa. Nafasi aliyomwachia Baba Babu Ellis, aliyeianzisha klabu pamoja na Bwana Hollis! Iende kwa mtu wa meno!

Nimeazimia kumrudisha Baba msituni. Nina mpango.

Jioni, mezani. Nimemwambia Baba kwamba Bwana Hollis anamsihi aje, kwa kuwa hakuna mwingine wilaya nzima anayejua kupima mteremko wa sakafu ili damu na maji viende mferejini. Bwana Hollis hakusema hivyo. Baba alitafuna mkate wake wa mahindi mpaka ukaisha.

"Maji yatajitafutia njia," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Mama akanikata jicho. Mpango umekufa.

Jumapili, tarehe 8

Baada ya ibada Bwana Hollis aliuliza Baba yuko wapi. Nikasema mgongo unamsumbua. Uongo, tena nikiwa na Biblia kwapani. Lakini nilifikiri: mgonjwa hawezi kunyang'anywa nafasi. Nilijiona mwerevu kuanzia kanisani mpaka nyumbani.

Alasiri akaja Bibi Opal, mke wa Bwana Hollis, na sufuria ya kuku kwa madonge ya unga na chupa ya dawa ya kuchua. Sikuwa nimelifikiria hilo. Baba alikuwa anavuka ua na gogo la mwaloni begani. Bibi Opal akalitazama gogo, akaitazama chupa.

"Royce, mgongo unaendeleaje?"

Baba alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji ya mvua.

"Umepona sasa hivi, Bibi Opal. Ni harufu ya hiyo sufuria."

Bibi Opal alicheka sana, kisha hakucheka tena. Akasema anamkumbuka sana Ellis siku za Jumapili, kwamba lile benchi la mbele kanisani limekuwa pana mno. Baba akaliweka gogo chini polepole, kana kwamba ni yai, akaingia ndani. Kuku tulimla bila yeye. Alikuwa mtamu na sikuweza kumfurahia.

Jumatano, tarehe 11

Hakuna shule, ni sikukuu ya askari wa zamani. Siku ya kumwaga zege. Nilipanda pikapu ya Bwana Hollis, na ndani ya gunia nilikuwa na viatu vya kazi vya Baba. Mpango mpya, na mzuri kuliko ile mingine: mtu anaweza kubishana na maneno, lakini nani atabishana na nyayo?

Wanaume walipokwenda motoni kula soseji na karanga za kuchemsha, nilivaa vile viatu nikaingia kwenye zege bichi. Nilitembea kama Baba, hatua ndefu, mguu wa kushoto ukielekea nje kidogo. Nilipofika katikati, kiatu cha kushoto kiligoma kutoka. Nikauchomoa mguu. Cha kulia nacho kikagoma. Nikakaa kitako. Ndani ya zege.

Aliyenikuta ni Tonya, bila shaka. Mjukuu wa Bwana Hollis, yule anayezamisha msumari kwa mapigo mawili na asiyelala mpaka kila mtu ajue.

"Wenzako hupanda mahindi mwezi wa tatu," akasema. "Wewe unapanda viatu mwezi wa kumi na moja?"

Wakaja wote, mikono imejaa karanga. Bwana Hollis alivitazama vile viatu.

"Kwa hiyo Royce amefika," akasema. "Ila mwili ameusahau nyumbani."

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Bwana Hollis mwenyewe alivichomoa viatu, akaviosha bombani, akaviweka kando ya moto, ncha zikitazama nje. Akaniambia kwa upole kwamba nyayo hazihesabiwi siku ya kazi, na kwamba anasikitika, kwa sababu na yeye angependa. Zege likasawazishwa upya kwa haraka. Sasa lina bonde katikati, mahali nilipokaa.

Jumamosi, tarehe 14

Nguzo, kuta na kenchi. Nilishika uzi wa timazi. Mimi na Tonya tulipewa boriti ya kupigilia, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, imekaa kombo.

Daktari wa meno alikuja kutazama. Kwa bahati mbaya ni mtu mwema. Alileta maandazi yenye sukari. Aliuliza yale matambara kwenye ukuta wa banda la zamani ni ya nini, na kwa kuwa wengine walikuwa na maandazi mdomoni, ikawa kazi yangu kumweleza. Nikamwambia ni mikia ya mashati. Anayemfyatulia kulungu risasi na kumkosa hukatwa kipande cha nyuma cha shati lake siku hiyo hiyo, jina lake na mwaka huandikwa juu yake, na kipande hupigiliwa ukutani ili kila anayekuja kuchuna akione. Hakuna msamaha, hata kwa mwenyekiti. Akauliza kama mtu akikosa mara nyingi hukatwa kila mara. Tonya akamshauri aje na sanduku zima la mashati.

Mikia yote iliteremshwa. Ilitia huruma, Gaylene. Masizi, damu ya zamani, udongo wa nyigu, mikojo ya panya. Bwana Hollis alikuwa anaitia kwenye gunia, nami nikaomba niitunze mimi, ihesabiwe kuwa mchango wa Baba. Akasema sawa, binti, lakini uitunze kweli. Alikuwa na neno jingine la kusema. Sikulingoja, nilikuwa nimeshaona mbali.

Banda jipya na mikia ile michafu? Haiwezekani! Itarudi ukutani inang'aa, na watu wote watasema: hii ni kazi ya nyumba ya Royce Strickland.

Jumatatu, tarehe 16

Nimeifua yote. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Nikatia dawa ya kung'arishia nguo, na sikuwa bahili. Nikaianika, nikaipiga pasi, nikaitia wanga. Sasa inasimama yenyewe kama kadi za Krismasi.

Majina yametoka. Yote, nadhani. Lakini kila mtu analijua shati lake.

Mama alirudi kutoka kiwandani, ambako hushona kola za mashati kutwa nzima, akaona lile rundo jeupe juu ya meza. Alikaa kabla ya kuvua koti. Akachukua mkia mmoja, akaunusa, akaurudisha. Akaniuliza kama nilimwomba mtu ruhusa. Nikasema ni jambo la kuwashtukiza.

"Ee," akasema. "Watashtuka."

Jumanne, tarehe 17

Baba ameuliza! Mezani, bila mtu kumwanza. Kwanza aliuliza kama banda la zamani limeshabomolewa. Nikasema ndiyo. Akauliza mikia imewekwa wapi. Mama akainuka kwenda kuosha sahani iliyokuwa safi. Nikasema iko salama.

Hapo Baba akazungumza zaidi ya alivyozungumza tangu Februari. Akasema kuna mkia wake, wa alipokuwa na miaka kumi na miwili, ambao Babu aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Akasema tangu utoto amekuwa akiupita ameinamisha macho, na mara nyingi alitamani panya waule. Sasa anautaka. Akasema atapita kambini Alhamisi akitoka kwenye kiwanda cha mbao.

Baba anakuja kambini. Ndicho nilichokiomba kila Jumapili. 

Niliahidi kuandika yote, kwa hiyo naandika na hili. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaomba nipewe siagi.

Alhamisi, tarehe 19

Alikuja. Getini hakusita, au labda alisita nyuma ya kona, ambako hatukuweza kumwona. Wanaume walimpisha kama watu wanavyompisha aliyechelewa kanisani. Hakuna aliyetaja mgongo. Bwana Hollis alivua kofia, akaivaa tena.

Baba alitazama kuta kwanza. Kisha akanitazama mimi. Nikamwonyesha lile rundo juu ya meza ya kukatia nyama.

Alifunua mmoja mmoja. Wenzake wakasogea. Bwana Hollis akasema wake ulikuwa wa mistari myekundu, akaukuta umekuwa wa rangi ya ufizi. Wazee wawili waligombania mkia mmoja, kila mmoja akiapa kwamba aliyekosa siku hiyo ni yeye, mambo ambayo kambi ile haijawahi kuyasikia. Mmoja alianza kucheka, akaona uso wa Baba, akanyamaza.

Baba aliutoa mmoja wa flaneli, ambao zamani huenda ulikuwa kijani. Akaupeleka mlangoni penye mwanga. Akaugeuza. Akausogeza karibu na macho, akautega kwa upande, kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na wanga tu.

"Lanelle."

"Naam, Baba."

"Yale hayakuwa madoa, mwanangu."

Basi. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ningezivumilia vizuri sana.

Aliukunja, akautia mfuko wa shati. Kisha akainua macho akaiona ile boriti iliyokaa kombo. Akaomba nyundo. Akapanda ngazi, akang'oa misumari yetu, akainyoosha boriti, akaipigilia. Akaenda kwenye ya pili, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Akaenda kwenye ya tatu. Hakuna aliyemzuia. Bwana Hollis alisimama chini akimpa misumari, mmoja mmoja, mpaka giza likaingia na ikabidi taa za pikapu ziwashwe.

Tukiondoka Bwana Hollis aliniambia kwamba hiyo ni siku ya kazi, na atakayebisha aje kwake. Nafasi imebaki kwetu. Daktari wa meno atasubiri mwaka mwingine. Naye alikuwa amekuja tena kutazama; alipeana mkono na Baba, akasema amefurahi, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Nimeshinda, Gaylene. Naitafuta furaha yake na sijui nimeiweka wapi.

Jumamosi, tarehe 21

Ufunguzi wa msimu. Milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa kijito hata kabla sijashuka kitandani. Baba alikuwa ameshavaa. Viatu, koti, kofia.  Nikampelekea kahawa barazani, nikamkuta amekaa kwenye kiti, bunduki isiyo na risasi magotini.

Nikauliza kama tunakwenda. Akasema baada ya kitambo. Kahawa ikapoa. Nikaleta nyingine, nayo ikapoa. Pikapu ya Bwana Hollis ikapita barabarani na kulungu dume nyuma, Tonya amekaa kando yake kama malkia, akanipungia mkono. Jua likafika juu ya ule mti wa njugu za pekani uani. Baba akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Nikamwuliza kwa nini, na nafasi ni yake.

"Kila mti kule Babu yako amewahi kuuegemea," akasema. "Nikae chini ya upi?"

Akaingia ndani na soksi zake.

Nimefikiri mchana kutwa, na nimeliona kosa langu. Dawa ya kung'arishia ilikuwa nyingi mno. Kama ningetia kidogo tu, haya yote yasingetokea. Lakini yanatengenezeka, na tayari nina mpango.

Baba aliuweka ule mkia kwenye droo ya Babu, pamoja na miwani yake. Nimeutoa. Nimeuchovya kwenye chai na umerudia uzee wake vizuri sana, hasa kwenye kingo. Babu ndiye aliyenifundisha kuandika kabla ya shule, na Mwalimu Faircloth husema kila mara kwamba herufi zangu ni za mzee wa miaka sabini. Nitauandika upya. Siku ya Shukrani, kabla ya bata mzinga, nitaupigilia kwenye banda jipya na kumwambia Baba kwamba wino umejitokeza wenyewe kitambaa kilipokauka. Atakwenda kuuona. Akishafika pale, msitu uko hatua chache tu. Sioni kitakachoharibika.

Mstari wa kwanza naujua: Royce, 1956. Chini yake palikuwa na mstari mrefu, ule uliomfanya Bwana Hollis acheke kila mwaka na Baba ainamishe macho. Wewe ulikuwa ukinibeba mabegani na kunisomea, mimi nikatazama mashimo ya risasi ukutani tu. Baba siwezi kumwuliza, na Mama ataelewa mara moja. Nijibu kwa posta ya kwanza, tafadhali: mstari wa pili Babu aliandika nini?