Kuondolewa Kundini, na Watoto Watatu Wanaoyumba

Kwa Mwalimu Mkuu,
Hapa hapa shuleni, mlango wa pili kutoka chumba cha walimu.

Yah: Malalamiko dhidi ya simu yangu mwenyewe

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumai u mzima na kazi zinakwenda. Mimi si mzima sana, na sababu yake naileta kwako kwa maandishi, kwa kuwa tangu nianze kazi hii naamini jambo la maana huandikwa kwenye karatasi, likapigiwa mstari na kutiwa sahihi. Ningeweza kubisha hodi tu, maana mlangoni kwako nafika kabla chai haijapoa. Lakini nikija kwa mdomo nitacheka au nitalia, na vyote viwili havimfai mwalimu mwandamizi wa hisabati.

Kama unavyofahamu, mwanzoni mwa muhula Mwalimu wa Taaluma, yule dada mchangamfu ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, aliichukua simu yangu na kuniingiza katika kundi la mtandaoni liitwalo Walimu Tunakua. Alinieleza kwamba humo walimu wa shule mbalimbali hubadilishana mbinu na kuendelezana kikazi. Nikamwambia mimi nilishamaliza kukua. Akacheka, na simu ikaanza kulia papo hapo.

Kama unavyofahamu pia, mezani kwako kuna pendekezo langu kwamba watoto watatu wa dawati la mwisho, darasa la sita, warudie darasa mwakani. Kikao cha kuamua ni Jumatatu. Sikutegemea kwamba mambo haya mawili yangekutana, lakini yamekutana, na yamekutana juu ya kichwa changu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Salamu. Mwalimu wa Taaluma alinitambulisha kundini kuwa mkongwe wa hisabati na mtu wa kuheshimiwa. Shikamoo zikaanza kumiminika. Mimi nimelelewa, Mwalimu Mkuu. Mtu akiniamkia namwitikia. Nikawa nawaitikia mmoja mmoja, marahaba kwa huyu, marahaba kwa yule, na kila mmoja nikamuulizia na watu wa nyumbani kwake. Wiki nzima. Niliitikia nikiwa na povu la dawa ya meno mdomoni, nikaitikia kwa kinyozi nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Mwishowe admini wa kundi akaniomba kwa adabu nipumzike kidogo, kwa sababu marahaba zangu zilikuwa zimelifukia somo walilokuwa wakilijadili. Nikamjibu kwa barua rasmi, yenye anwani, tarehe na Yah. Tangu siku hiyo wananiita Mzee Yah. Hata wewe, juzi tukiwa mstarini asubuhi, ulitaka kuniita hivyo. Nilikuona ukijiuma ulimi.

2. Watu wa kundi hilo hawana aibu. Maandalio yao ya masomo wanayagawa bure kwa yeyote. Maandalio yangu mimi yanakaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo unakaa kwenye soksi. Hakuna aliyewahi kujaribu kuyaiba, jambo ambalo siku zote nililichukulia kuwa sifa ya kufuli. Kibaya zaidi, wanakiri mbele za watu kwamba kitu fulani hawakijui. Mwalimu mmoja mwenye mvi nyingi kuliko zangu aliandika akiomba msaada: kwa nini ukigawanya namba kwa nusu jibu linakuwa kubwa, na amweleze vipi mtoto akaelewa? Nikajiegemeza kwenye kochi nikisubiri achekwe. Hakuchekwa. Ilikuja michoro, zikaja klipu, na mwalimu mmoja wa shule ya mbali, ambaye wote humwita Mama Vipande, akaonyesha kwa kukatakata karatasi. Niliyasoma majibu yote kwa nia njema kabisa ya kutafuta makosa. Sikuyapata. Nilichokipata ni kwamba swali lile nami nilikuwa nalo tangu chuo cha ualimu, na miaka yote nimekuwa nikiwaambia watoto wageuze ya pili juu chini kisha wazidishe, na atakayeuliza kwa nini abaki amesimama.

3. Hasara ya nyumbani. Ili nithibitishe kwamba mbinu ya Mama Vipande haifai, ilinibidi niijaribu. Karatasi zilikuwa zimeisha, nikachukua utepe wa kupimia wa mke wangu, ambaye kama ujuavyo ni fundi cherehani. Nikaukata mbele ya darasa, nusu mita, nusu mita. Mita moja na nusu ikatoa vipande vitatu. Watoto wakavihesabu kwa mikono yao, wakatazamana, na ikapanda kelele ambayo katika vipindi vyangu husikika kengele inapolia tu. Kengele ilipolia kweli, hawakutoka. Walibaki wakinizonga, je, tukikata kwa robo? Je, kwa theluthi? Unaijua mwenyewe hatari ya watoto kukosa mapumziko kwa hiari yao kwa ajili ya hisabati. Wazazi watadhani nawafungia mlango. Nyumbani niliurudisha utepe kikapuni ukiwa umeungwa kwa gundi, nikaomba yaishe. Hayakuisha. Kuna mteja ana gauni ambalo mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko na mwingine unafunika vidole. Mke wangu sasa ananitengea chakula huku akiutazama ukuta.

4. Video. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa. Nilipoona Mama Vipande anasifiwa asubuhi na jioni, niliamua kuwaonyesha watu wale mwalimu ni nani. Nilimwomba Mwalimu wa Taaluma aisimamishe simu kwenye dirisha la nyuma, nikavaa koti langu la mahafali, nikafundisha kugawanya sehemu kwa njia ya zamani, isiyo na mikasi. Kipindi kilipokwisha nikaituma video kundini kabla hata ya kuitazama, nikiwa nimeiandikia kichwa: Darasa Lenye Nidhamu.

Kinachoonekana ni mgongo. Ni mgongo wangu, Mwalimu Mkuu, mwanzo hadi mwisho. Sikujua kwamba ni mpana kiasi kile. Koti limefumuka mshono wa katikati, nami ni mume wa fundi cherehani. Mgongo unaandika, mgongo unaeleza, mgongo unauliza kama wameelewa, mgongo unajijibu kwamba wameelewa, kisha mkono unapanda na kufuta. Baina ya kuandika na kufuta sikuhama hata kidogo. Hesabu zote zilizaliwa na kufa kati ya kifua changu na ubao.

Na huku nyuma, karibu kabisa na simu, wanaonekana wale watatu. Wanayumba. Wanakwenda kushoto wote, wanakwenda kulia wote. Yule binti mrefu wa katikati ananyanyuka nusu, anachungulia, anakaa. Nakiri kwamba nilifurahi. Pendekezo langu linasema wazi kuwa watoto hawa huyumbayumba somo likiendelea, hawanakili na hawajibu, na sasa nilikuwa na ushahidi unaotembea. Nilikuwa njiani kukuletea. Ndipo Mama Vipande akaandika. Aliniamkia kwanza, akalisifu koti upande wa mabega, halafu akauliza, kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, watoto wale wa nyuma wanatafuta nini. Nikamjibu kwamba wanatafuta adhabu. Hakuna aliyecheka. Kundi lile halinyamazi hata siku za mapumziko, na siku hiyo lilinyamaza. Sijawahi kunyamaziwa namna ile na watu nisiowaona.

5. Athari za kiafya. Tangu hapo siandiki ubaoni kwa amani. Nikishika chaki tu, nauhisi mgongo wangu. Jana niliandika hesabu, nikasogea pembeni ghafla, nikajigonga goti kwenye meza. Darasa likaiona hesabu nzima, nadhani kwa mara ya kwanza, na wote wakainamia madaftari yao kwa pamoja. Kisha yule binti mrefu akanyoosha mkono, mkono ambao sikujua kama anao, akasema kwa heshima kwamba hatua ya tatu nimekosea. Nilikuwa nimekosea. Huu ni uchochezi wa wazi na chanzo chake ni mtandao, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa sikosei, maana hakuna aliyekuwa anaona.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mambo manne. Kwanza, niondolewe katika kundi la Walimu Tunakua. Nimejaribu kujitoa mwenyewe, nikabonyeza pasipo penyewe, nikajikuta nimelipigia kundi zima simu ya video. Wakapokea, na wote wakaniamkia upya. Pili, simu zipigwe marufuku chumba cha walimu na, kwa usalama zaidi, madirisha ya nyuma ya madarasa yote yazibwe kwa matofali. Tatu, ufanywe utaratibu Mama Vipande ahamishiwe mahali pasipo na mtandao, ikiwezekana pasipo na karatasi pia. Nne, wale watoto watatu warudie darasa la sita kama nilivyopendekeza. Hili la nne nalisisitiza. Wakipanda darasa la saba, watu watauliza kosa lilikuwa la nani, na kwa umri wangu huu sina pa kuliweka kosa kubwa kiasi hicho.

Nifikishie salamu zangu kwa Mwalimu wa Taaluma, nimemsamehe. Kwa karani, ambaye ataisoma barua hii kabla yako. Kwa mlinzi wa getini, kwa mpishi na masufuria yake, na kwa walimu wote wa zamu. Nyumbani wasalimie shemeji na watoto. Mke wangu angekusalimu, lakini bado anautazama ukuta.

Ni mimi, wako katika chaki na vumbi lake,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Sita
(kundini: Mzee Yah)

Baada ya sahihi: Mwalimu Mkuu, barua hii nilikuja kuinakili vizuri darasa la sita, watoto wakiwa wameshaondoka. Nilikaa dawati la mwisho kwa sababu ndilo lenye mwanga. Nilipoinua kichwa, Mwalimu wa Taaluma alikuwa anapita kwenye korido, nikamwita. Nikamwomba asimame pale ninaposimama mimi, aandike hesabu yoyote, na asisogee hata kidogo. Yeye ni mwembamba, si kama mimi. Hata hivyo nilichokiona ni kilemba na kiwiko. Nikachukua karatasi mpya ili ninakili, nikasubiri. Nikasikia chaki inagonga, inagonga, nami sijui inasema nini. Nikajikuta nimekwenda kushoto. Nikaenda kulia. Nikanyanyuka nusu, nikachungulia, nikakaa. Halafu akafuta, na karatasi yangu ilikuwa tupu.

Nimeona haya mno, na sina nguvu ya kuiandika barua upya. Ipokee kama ilivyo, ila kila mahali nilipoomba jambo, naomba ufanye kinyume chake. Madirisha yaache. Kundini usinitoe, nimemwomba radhi Mama Vipande mbele ya wote, nikauliza mwalimu anayeandika ubaoni asimame wapi, na majibu yanazidi kuingia, mengine yana michoro. Isitoshe kuna watu bado sijawaitikia.

Lile pendekezo lichane kabla ya Jumatatu. Watoto wale walikuwa wanatafuta somo langu, nami ndiye niliyelizuia. Watatu wote wapande darasa, na kama kikao kitasema ni lazima pawe na mtu wa kurudia darasa la sita mwakani, niandike mimi. Dawatini nimeshakaa.